Kebo za umeme ndani ya kompyuta: ipi uchomeke, ipi uiache kwenye boksi

RAM isipokaa sawasawa, kompyuta inagoma kuwaka. Unaichomoa, unaibonyeza tena mpaka vibano vifunge, kazi inaendelea. Kebo ya umeme haina huruma hiyo. Ukichomeka isiyo yake, diski inaungua kabla feni haijamaliza mzunguko wa kwanza, wala husikii mlio. Unachoona ni mashine iliyowaka sekunde moja ikazima, au iliyowaka vizuri tu huku diski haionekani tena.

Kinachoponza watu ni kufanana. Plastiki nyeusi, mashimo ya mistari miwili, kibano kimoja juu, nyaya zote nyeusi siku hizi. Anayeunganisha kwa mara ya kwanza anaamini kwamba kinachoingia ndicho, na hapo ndipo anapoliwa. Kwa hiyo tumezipanga kebo zinazochanganywa ubavu kwa ubavu, na kila mahali tumesema tungechukua ipi.

Kebo iliyokuja na pawa saplai, ya kurefusha, au ya kubadilisha

Pawa saplai ni kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa ndani ya kompyuta. Ambayo nyaya zake zimechomelewa ndani haina ugomvi huu. Ugomvi unaanza kwenye zile za kebo za kuchomoa, ambapo kila kebo ina ncha mbili: moja inakwenda kwenye kifaa, nyingine inarudi kwenye pawa saplai. Ncha ya kifaa imepangwa na ATX, kanuni ya pamoja ya kompyuta za mezani, hivyo pini 24 za mazabodi (ubao mkuu) ni zilezile kwa wote wanaoifuata. Ncha ya pawa saplai haijapangiwa na yeyote. Kila mtengenezaji anaamua mwenyewe shimo lipi litoe volti 12, lipi 5, lipi graundi, lakini vichwa vya plastiki wanavyotumia mara nyingi ni vya umbo moja. Ndiyo maana kebo ya kampuni hii inaingia kwenye pawa saplai ya kampuni ile, kibano kinafunga vizuri kabisa, na umeme unatokea pasipotakiwa.

Hata jina la kampuni kuwa moja si dhamana. Corsair, kwa mfano, huandika Type 3, Type 4 au Type 5 kwenye kebo zake. Type 3 na Type 4 hupishana kwenye kebo ya pini 24, na Type 5 ina vichwa vidogo zaidi upande wa pawa saplai. Huyo ameandika, wapo wasioandika chochote.

Tazama kinachotokea kwenye kebo ya SATA, ile inayolisha diski. Ndani yake mna nyaya za volti 12, za volti 5, mara nyingi na za 3.3, pamoja na graundi. Mpangilio ukihama shimo moja tu, volti 12 zinaweza kuangukia waya wa 5. SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5 hutumia volti 5; ikipewa 12, chipu zake za kudhibiti volteji huungua na zinaweza kuondoka na chipu nyingine. HDD (diski inayozunguka) ya inchi 3.5 ina nafasi kidogo: nyingi zina diodi ya ulinzi kwenye njia ya volti 5, ambayo hujitoa mhanga kwa kupiga shoti, na fundi akiiondoa, diski huweza kuamka kwa muda wa kunakili vilivyomo. Usilifanye hilo bima.

Wengi hushangaa kwa nini pawa saplai yenye ulinzi wa kila aina haikuzima. Haikuzima kwa sababu haikuona kosa. Ulinzi wake hupima volteji inayotoka kwake yenyewe, na iliyotoka ni volti 12 safi kabisa. Kwamba zimeingia kwenye mlango wa volti 5, haina namna ya kujua.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kebo zilizokuja ndani ya boksi la pawa saplai hazina mshindani kwa usalama, hata kama ni nene na mbaya machoni. Ukitaka kasha lipendeze, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kebo ya kurefusha, ambayo huungwa mwisho wa kebo ya asili, upande wa kifaa. Kwa kuwa upande huo una mpangilio mmoja duniani kote, kebo ya kurefusha hufanya kazi na pawa saplai yoyote. Gharama yake ni kiungo kimoja zaidi kwa kila waya, yaani mahali pamoja zaidi panapoweza kupata joto, na unene wa ziada nyuma ya mazabodi unaofanya mfuniko wa kasha ugome kufunga. Usiunge ya kurefusha juu ya nyingine ya kurefusha.

Njia ya pili ni seti ya kubadilisha, inayotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai hadi kwenye kifaa. Hii haiongezi kiungo, inapita vizuri, na ndiyo inayoua vifaa ikichaguliwa kwa macho. Inunuliwe tu pale orodha ya mtengenezaji wa kebo inapotaja pawa saplai yako kwa jina na namba kamili ya modeli. Wati kuwa sawa au mfululizo kuwa mmoja hakutoshi. Kwa mtu anayetafuta urembo tu, sisi tungechukua ya kurefusha bila kufikiria mara mbili.

Ukinunua yoyote kati ya hizo, tazama unene wa waya, unaoandikwa kwa AWG: namba ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi. 18 AWG ina shaba ya milimita 0.82 za mraba, 16 AWG ina 1.31. Kwa kadi ya grafiki chukua 16. Na hakikisha ni shaba kweli: kebo rahisi mno huwa ya alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wa alumini ni kama mara 1.6 ya shaba. Kwangua unywele mmoja wa waya kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, hiyo haina neno.

Siku ya hatari hasa ni siku ya kubadilisha pawa saplai. Kebo za zamani zimeshapitishwa vizuri nyuma ya kasha, zimefungwa vifungo, na mtu anaona taabu kuzitoa. Anachomoa ncha za upande wa pawa saplai, anaweka mpya, anachomeka zilezile. Toa zote. Kata vifungo, vuta kila kebo, zitie kwenye mfuko mmoja na pawa saplai yake ya zamani, andika modeli juu ya mfuko. Kebo isiyo na mwenyewe kwenye droo ni mtego uliotegewa siku utakayokuwa na haraka.

Na kama unayo tayari kebo ya SATA usiyojua ilikotoka? Ipime bila kifaa. Chomeka kwenye pawa saplai kebo yake halali ya pini 24 na hiyo kebo ya mashaka, basi. Mwisho wa kebo ya mashaka pawe wazi. Kwenye kichwa cha pini 24, unganisha pini ya 16, ambayo kwenye kebo za rangi ni waya wa kijani, na shimo lolote la graundi kwa kipande cha waya, kisha washa swichi ya nyuma. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20, ncha nyeusi kwenye shimo la graundi la kichwa cha pini 24. Kichwa cha SATA hupokea nyaya tano, na uzuri wake ni kwamba wa katikati ni wa volti 5 hata ukikigeuza. Usome kati ya 4.75 na 5.25. Wawili wanaoupakana ni graundi, wasome sifuri. Wa pembeni mmoja usome kati ya 11.4 na 12.6, na wa pembeni ya pili 3.3 au usiwe na kitu. Kisha linganisha na kebo yoyote halali kwamba 12 iko upande uleule wa kichwa. Waya wa katikati ukisoma 12, kata kichwa kwa mkasi ili asije mtu mwingine akaiokota.

Kichwa cha prosesa na kichwa cha kadi ya grafiki

Vyote viwili vina pini 8 na vyote hubeba volti 12 na graundi. Tofauti ni kwamba vimepinduana. Kwenye kichwa cha prosesa, kinachoitwa EPS, mstari wa pini nne ulio upande wa kibano ndio wenye volti 12. Kwenye kichwa cha kadi, kinachoitwa PCIe, upande wa kibano ni graundi, na volti 12 ziko pini tatu za mstari wa pili. Ukilazimisha kimoja kwenye tundu la mwenzake, volti 12 zinakutana na graundi uso kwa uso.

Kuvitambua kwa haraka, angalia vinavyogawanyika. Cha prosesa hukatika katikati, nne na nne. Cha kadi hukatika sita na mbili, na ile mbili ni kipande kidogo kinachoning'inia pembeni. Halafu tazama uso wa kichwa: baadhi ya mashimo ni ya mraba kamili, mengine yamekatwa pembe. Mpangilio wa pembe hizo ndio ufunguo unaozuia kosa, ila plastiki laini ikisukumwa kwa dole gumba lenye hasira hukubali. Ukihitaji nguvu kuliko ile uliyotumia kwenye pini 24, simama.

Ukishakosea, pawa saplai nzuri hujizima papo hapo na hukataa kuwaka tena mpaka uchomoe. Watu wengi hapo huirudisha dukani wakisema ni mbovu, kumbe imewaokoa.

Jambo moja linalochanganya: kwenye pawa saplai nyingi za kebo za kuchomoa, tundu limeandikwa CPU (yaani prosesa) na PCIe kwa pamoja. Maana yake ni kwamba ncha ya upande huo inaingia tundu lolote kati ya hayo, kwa kuwa mpangilio wake ni mmoja na mpinduko umefanyika ndani ya kebo. Haina maana kwamba ncha za upande wa vifaa zinabadilishana.

Kuna pia kichwa kidogo cha pini nne kinachoachana na kichwa cha pini 24 kwenye kebo za 20 na 4. Mazabodi ya zamani yenye tundu la prosesa la pini nne humvutia mtu kukichomeka pale. Tundu la prosesa linataka volti 12 mbili na graundi mbili. Kipande hiki kina volti 12, volti 3.3, volti 5 na graundi moja. Hapo hakuna bahati.

Mazabodi yenye tundu la 8 na jingine la 4 au la 8 tena, je, yajazwe yote? Kwa prosesa ya kawaida, kichwa kimoja cha pini 8 kinatosha na mashine huwaka bila neno. Cha pili ni cha prosesa zinazokula wati nyingi au zinazoendeshwa kupita kipimo chake. Usinunue adapta ya Molex (kichwa kikubwa cha zamani cha pini nne) ili tu tundu la pili lisikae wazi.

Kebo moja ya vichwa viwili, au kebo mbili

Kabla ya kuamua, angalia kila kichwa kinabeba nini:

| Kichwa | Wati za volti 12 | Pini za volti 12 | Ampea kwa kila pini |
|---|---|---|---|
| SATA | 54 | 3 | 1.5 |
| PCIe pini 6 | 75 | 2 hadi 3 | 2.1 hadi 3.1 |
| PCIe pini 8 | 150 | 3 | 4.2 |
| Pini 16 | 600 | 6 | 8.3 |

Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 inaweza kuvuta wati 300 kupitia kebo, ukiacha 75 za kwenye nafasi ya mazabodi. Ukitumia kebo moja yenye vichwa viwili mwishoni, wati zote 300 zinapita nyaya tatu: ampea 25, yaani 8.3 kwa kila waya. Ukitumia kebo mbili, kila waya unabeba 4.2.

Joto hupanda kwa mraba wa mkondo, na hapo ndipo tofauti inapoonekana. Chukua kebo ya sentimita 60 ya 18 AWG, ambayo kila waya wake una ukinzani wa karibu omu 0.013. Kwa kebo moja, nyaya sita za kwenda na kurudi hupoteza kama wati 5.3, zote ndani ya fungu moja. Kwa kebo mbili jumla hushuka hadi 2.7 hivi, na zimegawanyika mafungu mawili: kila kebo inapata robo ya joto la ile moja. Volteji nayo, badala ya kupungua 0.21 njiani, hupungua 0.11. Waya wenyewe hautayeyuka kwa wati tano; kinachoteseka ni pini iliyolegea upande wa pawa saplai, ambapo mkondo wote unapita kichwa kimoja. Tena pawa saplai inayogawa volti 12 katika njia kadhaa, kila njia na kikomo chake, inaweza kuzima kompyuta katikati ya mchezo kwa sababu njia moja imezidiwa huku nyingine imelala.

Kwa kadi ambayo jumla yake haizidi wati 225, kebo moja ya vichwa viwili tunaikubali. Juu ya hapo, kebo mbili. Kadi yenye matundu matatu: kebo tatu ukiwa nazo, ukiwa na mbili, moja itoe vichwa viwili na nyingine kimoja. Kichwa kinachobaki kikining'inia hakidhuru, kifunge tu kisiguse feni.

Pini 16: ya mwaka 2022, ya mwaka 2023, na adapta

Kichwa kinachoitwa 12VHPWR kilikuja pamoja na ATX 3.0 mwaka 2022: pini 12 kubwa za umeme na 4 ndogo za ishara, hadi wati 600. Kabla mwaka huo haujaisha, picha za vichwa vilivyoyeyuka kwenye kadi za RTX 4090 zilikuwa zimeenea, na kidole kikanyooshewa zaidi vichwa visivyoingia hadi mwisho. Mwaka 2023 kikarekebishwa na kuitwa 12V-2x6.

Rudi kwenye jedwali uone kwa nini kichwa hiki hakina subira. Ampea 8.3 kwa pini, wakati pini imekadiriwa kubeba karibu 9.5. Pini mbili kati ya sita zikigusa vibaya, nne zilizobaki zinabeba 12.5 kila moja, na joto kwenye kila mguso linakuwa mara 2.25. Kwenye kadi nyingi pini zote sita zinaishia kwenye njia moja ya shaba, kwa hiyo kadi haijui kwamba mzigo umeegemea upande mmoja. Kichwa cha zamani cha pini 8 kilikuwa na nafasi kubwa ya kusamehe. Hiki kimebakiwa na kidogo.

Mabadiliko ya 12V-2x6 yako kwenye tundu, si kwenye kebo. Pini za ishara zimefupishwa kwa milimita 1.5 na pini za umeme zimerefushwa kwa 0.25. Matokeo yake, kichwa kisipoingia vizuri, ishara hazigusani na kadi haivuti umeme. Tundu la zamani lina alama H+, jipya H++. Kebo ya zamani inaingia tundu jipya na kinyume chake, kwa hiyo muuzaji akikuambia lazima ununue kebo mpya kwa sababu tu kadi ni ya H++, mshukuru uondoke.

Kwa kupanga upendeleo: kwanza, kebo ya pini 16 iliyokuja na pawa saplai yenyewe. Pili, adapta iliyokuja na kadi. Tatu, kebo ya mtengenezaji mwingine aliyetaja modeli ya pawa saplai yako. Adapta za kukunja digrii 90 tunaziacha. Mwezi Februari 2024 moja ya zilizokuwa maarufu iliondolewa sokoni nchini Marekani kwa sababu ya joto.

Ukitumia adapta yenye vichwa vinne vya pini 8, kila kimoja kipate kebo yake. Adapta husoma vimechomekwa vingapi na kuiambia kadi kiasi cha kuvuta. Ukiijaza kwa kebo mbili za vichwa viwili viwili, inasoma vinne na kuruhusu wati 600 kupitia kebo mbili ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mtu anaweza kuuliza: mbona kebo halali ya pini 16 huishia kwenye vichwa viwili tu vya pini 8 upande wa pawa saplai? Kwa sababu kikomo cha wati 150 ni cha kichwa cha PCIe kwenye kadi. Upande wa pawa saplai mtengenezaji hupanga mwenyewe, akijua pini na nyaya alizoweka.

Kuchomeka kwenyewe kufanyike ukiwa na mwanga wa tochi. Shika kichwa, si nyaya. Sukuma sambamba na tundu mpaka mstari kati ya plastiki na plastiki upotee, kisha angalia kutoka juu na kutoka ubavuni. Mwanya hata wa unene wa kucha ni kosa. Kwenye vichwa vingine kibano hakisikiki, hivyo usitegemee sikio. Vuta nyuma kidogo: kisitikisike. Nyaya ziende moja kwa moja angalau sentimita 3.5 kabla ya kukunjwa, na mfuniko wa kioo usizibonyeze. Kama kasha lako ni jembamba kiasi hicho, tafuta kadi fupi kwa kimo au kasha jingine. Na usichomoe kila wikendi kupiga picha: kichwa kimekadiriwa kuingia na kutoka mara 30.

Molex kwenda SATA, na zile adapta zisizofaa

Adapta ya Molex kwenda SATA si mbaya kwa asili. Ubaya uko kwenye namna kichwa cha SATA kilivyotengenezwa. Kuna cha kumiminiwa: nyaya zinapangwa, plastiki ya moto inamwagwa juu, kinakuwa donge moja laini lisilo na mfuniko. Nyaya zikisogea wakati wa kumiminiwa, volti 12 na graundi zinabaki zimetenganishwa na unywele, na baada ya miezi ya joto zinakutana. Vichwa hivi hushika moto. Kuna cha kubanwa: ganda gumu, kila waya umeingia mfereji wake, nyuma kuna kifuniko unachoweza kukibandua kwa ukucha. Chukua cha kubanwa. Donge, hata likija bure, tupa.

HDD ikigoma kuzunguka kwenye kebo nzuri ya SATA lakini ikawaka kwenye adapta ya Molex, huenda si mbovu. Baadhi ya diski hutumia pini ya 3 ya SATA kama amri ya kuzima, na pawa saplai inayotoa volti 3.3 pale inaishikilia imezimwa. Molex haina 3.3, ndiyo maana inaamka.

Adapta za SATA kwenda PCIe hazina mjadala. Jedwali linasema 54 na 75, na 54 mara mbili ni 108 dhidi ya 150. Pawa saplai isiyo na kichwa cha PCIe kabisa imekuambia yenyewe kwamba haikutengenezwa kwa kadi hiyo.

Taa: volti 5 au volti 12

Kwenye taa za rangi za ndani ya kasha, kichwa chenye mashimo matatu na pengo moja ni cha volti 5. Chenye mashimo manne bila pengo ni cha volti 12. Cha kwanza kikisukumwa kwenye pini za pili, taa zinakufa palepale, wakati mwingine na kidhibiti chake kwenye mazabodi. Maandishi madogo pembeni ya pini husema 5V au 12V. Yasome.

Waya wa ukutani

Waya wa kawaida wenye kichwa cha C13 una kikomo cha ampea 10 kimataifa. Kwenye volti 230 hizo ni wati 2300, zaidi ya mahitaji ya karibu kompyuta yoyote. Pawa saplai kubwa, za wati 1600 kwenda juu, nyingi huja na tundu la C20 linalotaka kichwa cha C19 cha ampea 16. Hazichanganyiki kwa umbo, kwa hiyo hapa hakuna pa kukosea isipokuwa kununua adapta ya kuzichanganya. Kinachopaswa kutazamwa ni unene uliochapishwa kwenye ganda la waya: milimita 0.75 za mraba kwa waya usiozidi mita 2, na 1.0 kwa mrefu zaidi.

Pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 230 huku ukuta unatoa 115, haiwaki, huna hasara. Ikiwa kwenye 115 huku ukuta unatoa 230, kapasita za ndani zinapata mara mbili ya volteji zilizotarajia na zinapasuka kwa kishindo. Swichi hiyo itazamwe kabla ya waya kugusa ukuta.

Pini ya athi isikatwe wala isizibwe. Bila athi, kapasita za kuchuja ndani ya pawa saplai huacha karibu nusu ya volteji ya ukutani kwenye bati la kasha. Mkondo wake ni mdogo sana, lakini ndio ule unaowasha ngozi ukipitisha mkono kwenye kona.

Siku ya kuwasha

Washa kwanza kwa vitu vichache: pini 24, pini 8 za prosesa, RAM moja, na kadi ya grafiki ikiwa prosesa haina picha yake. Diski zote zikae nje. Ikiingia kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio ya mazabodi) na kudumu dakika tano, zima swichi ya nyuma, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili kapasita ziishiwe, ndipo uchomeke diski. Kwa mpangilio huo, kama kuna kebo iliyokosewa, itakukuta bila data mezani.

Kisha ipe kadi kazi nzito nusu saa na uguse kebo zake karibu na vichwa vyote viwili, cha kadi na cha pawa saplai. Vuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kushika kwa sekunde tano, zima na uchomoe. Angalia pini kwa tochi: plastiki iliyogeuka kahawia au shimo lililopanuka ni kebo iliyokwisha, na tundu lililokutana nayo likaguliwe kabla halijapewa kebo nyingine.